Uzio wa Chuma Mbele ya Kamera

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya ni yale yale yaliyosomwa redioni. Yamepigwa chapa ili uyasome mwenyewe, polepole, pamoja na wenzako darasani.)

MANENO YA LEO

Uzio: kizuizi kinachozunguka nyumba, bustani au makaburi.
Roshani: kibaraza cha juu kinachotokeza nje ya nyumba ya ghorofa.
Nakshi: mapambo yaliyochongwa, yaliyokunjwa au yaliyochorwa juu ya kitu.
Kufua chuma: kukipasha moto na kukipiga kwa nyundo mpaka kipate umbo.
Kusubu chuma: kukiyeyusha na kukimimina katika kalibu.
Kalibu: chombo chenye umbo ndani yake, ambamo chuma kilichoyeyuka humiminwa.
Nakala: picha au maandishi yaliyotolewa kutoka kwa mengine.

SOMO

  Weka kitabu chako mezani, weka na penseli karibu, maana mwisho wa somo kuna kazi ya kufanya.

Leo tutajifunza kupiga picha ya kitu ambacho watu wengi hukipita kila siku bila kukitazama. Kitu hicho ni uzio wa chuma wa zamani, ule wenye nakshi. Una maua ya chuma na majani ya chuma. Una ncha zilizochongoka kama mikuki. Una vyuma vilivyokunjwa kama mkia wa kinyonga. Pengine umeuona mbele ya kanisa, au pembeni mwa makaburi, au kwenye ngazi za ofisi ya zamani, au juu kwenye roshani ya nyumba ya ghorofa.

Tena tutajifunza jinsi ya kuipa picha hiyo sura ya zamani, ili ifanane na picha zilizopigwa miaka mia iliyopita. Watu wengi huipenda sura hiyo, nao wana haki, kwa sababu inalingana na chuma cha zamani. Lakini kuna jambo moja nataka ulikumbuke tangu mwanzo hata mwisho. Sura ya zamani ni pambo tu. Picha ya uzio kwanza ni shahidi. Siku uzio utakapoondoka, shahidi huyo ndiye atakayesema ulikuwaje. Basi shahidi asidanganye.

1. Kwa nini tupige picha ya uzio?

Tuanze na kisa cha kweli kilichotokea London, mji mkuu wa Uingereza. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, mji huo ulikuwa na nyuzio nyingi sana za chuma. Zilizunguka bustani, zilisimama mbele ya nyumba, zililinda ngazi na makanisa. Vita vilipopamba moto, serikali ilitafuta chuma kila mahali. Mwaka 1941 ikaamuru nyuzio zikatwe. Zile zilizokuwa na sifa ya pekee, kwa uzuri au kwa historia, ziliweza kuachwa. Lakini nyingi zilikatwa, zikapakiwa katika magari, zikaenda.

Hata leo, ukitembea katika mitaa ya zamani ya London, utaona mbele ya nyumba ukuta mfupi wa mawe, na juu yake vipande vidogo vya chuma vimepangwa mstari. Hivyo ni visiki vya uzio. Mti ukikatwa huacha kisiki, na uzio nao umeacha visiki vyake.

Baada ya vita jambo la ajabu likatokea. Wakati wa vita zilikuwa zimetengenezwa machela nyingi za chuma, za kubebea watu walioumizwa na mabomu. Vita vilipokwisha, machela hazikuwa na kazi. Basi mahali pengine, hasa kusini mwa London, zilisimamishwa, zikaungwa kwenye nguzo, zikawa uzio wa nyumba za wapangaji. Baadhi zipo mpaka leo. Vyuma vyake vya pembeni vimepindwa kidogo karibu na miisho. Mipindo hiyo ilikuwa miguu ya machela, ili mgonjwa akiwekwa chini asilale juu ya udongo. Anayepita haraka huona uzio tu. Anayetazama vizuri huona machela.

Sasa fikiri. Miaka ilipita, na watu wa mitaa fulani wakataka kurudisha uzio wao wa zamani. Iliwabidi waulize maswali. Je, ulikuwa na urefu gani? Ncha zake zilikuwa kama mkuki au kama ua? Kati ya chuma na chuma palikuwa na nafasi kiasi gani? Mhunzi hawezi kutengeneza jambo asilolijua. Majibu yalipatikana katika kipande kilichosalia mahali fulani, au katika picha ya zamani. Pasipo kipande wala picha, hapakuwa na jibu.

Wala hasara ya namna hii si ya Ulaya peke yake. Wengi wetu tunalijua Jumba la Maajabu, yaani Beit al-Ajaib, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Lilijengwa mwaka 1883, wakati wa Sayyid Barghash, na roshani zake pana zilishikwa na nguzo ndefu za chuma cha kusubu. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Jumba lilikuwa maarufu, lilipendwa, tena lilikuwa katika orodha. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba kubwa namna hiyo laweza kuanguka kwa siku moja, je, uzio mdogo wa mtaani kwako, usioandikwa katika orodha yoyote?

Hiyo ndiyo sababu ya somo letu.

2. Fundi alifanya nini?

Kabla ya kuinua kamera, utazame uzio kwa macho. Jiulize swali moja: chuma hiki kimefuliwa au kimesubiwa?

Chuma cha kufua ni kazi ya mhunzi. Alikitia motoni mpaka kikawa chekundu, akakiweka juu ya fuawe, akakipiga kwa nyundo. Akakikunja, akakipinda, akakifunga kwa vipete vidogo vya chuma. Kwa kuwa kila kipande kilitoka mkononi mwake, hakuna viwili vilivyo sawa kabisa. Kinyonga mmoja amekunja mkia zaidi, mwingine kidogo. Ukikaribia utaona alama za nyundo.

Chuma cha kusubu hufanywa kwa njia nyingine. Mafundi walichonga umbo moja la mti, wakalibonyeza katika mchanga ili lifanye kalibu, kisha wakamimina chuma kilichoyeyuka. Kilipopoa kilikuwa na umbo lile. Kwa umbo moja waliweza kutoa vipande mia vinavyofanana. Kwa hiyo uzio wa kusubu una maua yaliyo sawa sawa tangu mwanzo hata mwisho. Mara nyingi ni mzito na mnene. Ukigongwa kwa nguvu haupindiki, bali huvunjika. Ndiyo maana mara nyingi utaona ua moja limekosa jani, au mkuki mmoja umekatika ncha.

Mfano maarufu wa chuma cha kusubu ni uzio wa kanisa kuu la St Paul's, London. Ulikamilika mwaka 1714, na vyuma vyake vilisubiwa katika viwanda vya Lamberhurst, kusini-mashariki mwa Uingereza. Msanifu wa kanisa, Christopher Wren, alitaka chuma cha kufua, lakini hakusikilizwa.

Kwa nini mpiga picha ajue mambo haya? Kwa sababu yatamwonyesha mahali pa kusimama. Uzio wa kusubu uzuri wake uko katika kurudia: ua, ua, ua, mpaka mwisho wa barabara. Basi simama pembeni, upige kwa kufuata urefu wake. Uzio wa kufua uzuri wake uko katika mkono wa mtu. Basi mkaribie, upige kipande kimoja, alama za nyundo zionekane.

3. Wawili waliotutangulia

Sasa nitakuambia habari za watu wawili. Wa kwanza ni Mwingereza, jina lake William Henry Fox Talbot. Mwezi wa Agosti mwaka 1835, nyumbani kwake Lacock Abbey, aliweka sanduku dogo lenye lenzi mbele ya dirisha. Ndani aliweka karatasi iliyopakwa dawa. Jua likafanya kazi yake, na karatasi ikatoa picha ya dirisha lile. Ilikuwa picha ya kinyume, yaani penye weupe palitoka peusi, na penye weusi palitoka peupe. Picha ya namna hiyo huitwa negativu. Ya Talbot ndiyo negativu ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani.

Na dirisha lile lilikuwaje? Halikuwa la kioo kimoja. Lilikuwa limegawanywa katika vipande vidogo vya vioo, kama wavu. Talbot aliandika kwamba picha ilipokuwa mpya, mtu aliyetumia kioo cha kukuzia aliweza kuhesabu vipande vile, navyo vilikaribia 200. Na picha yenyewe haikuzidi stempu ya barua kwa ukubwa! Basi tangu mwanzo kabisa, kazi ya picha ilikuwa hiyo: kushika umbo la kitu kwa usahihi hata liweze kuhesabiwa.

Wa pili ni Mfaransa, Eugène Atget, aliyezaliwa mwaka 1857 na kufa mwaka 1927. Huyu ndiye mwalimu wetu hasa katika somo la leo. Mji wa Paris ulikuwa umebomolewa sana na kujengwa upya tangu mwaka 1853. Mitaa ya zamani ilizidi kutoweka. Kwa miaka thelathini hivi Atget alipita mitaani na kamera ya mti iliyo nzito, na vioo vya picha vyenye sentimita 18 kwa 24, akipiga picha za mambo ya zamani. Alipiga milango, vigonga milango, vyuma vya ngazi, roshani, malango ya bustani, na vibao vya chuma vya maduka. Mara nyingi alitoka asubuhi mapema, kabla barabara hazijajaa watu.

Atget hakujiita msanii. Mlangoni pake aliandika kwamba anauza picha za kuwasaidia wasanii katika kazi yao. Wachoraji na mafundi walinunua picha zake, na makumbusho na maktaba za Paris pia. Kila kioo alikipa namba, na kwenye picha aliandika mahali. Mwaka 1920 aliiuzia serikali ya Ufaransa negativu 2,621 kwa faranga 10,000. Leo picha zake zatunzwa katika makumbusho makubwa ya dunia. Watu husafiri kwenda kuzitazama kwa uzuri wake, lakini yeye alikuwa akifanya kazi ya daftari.

4. Mwanga, mgongo wa picha, na mahali pa kusimama

Sasa chukua kamera yako. Kama huna kamera, simu yenye kamera yatosha kabisa.

Kwanza, angalia jua. Jua la saa sita mchana lipo juu ya kichwa. Hilo si rafiki wa chuma. Afadhali saa moja au saa mbili asubuhi, au saa kumi na moja jioni. Wakati huo jua hutoka ubavuni, na kila jani la chuma hupata upande wa mwanga na upande wa kivuli. Hapo ndipo jani huonekana nene kama jani, si bapa kama karatasi. Tena wakati huo kivuli cha uzio hulala chini, kirefu, kama mkeka uliofumwa. Usikisahau kivuli hicho, maana mara nyingine ni kizuri kuliko uzio wenyewe. Kukiwa na mawingu meupe pia ni vizuri, ikiwa unataka kila sehemu ionekane bila kivuli kikali.

Pili, angalia kilicho nyuma ya uzio. Uzio una matundu. Kila kilicho nyuma huingia ndani ya picha: gari, nguo zilizoanikwa, tangazo la rangi kali. Nakshi zikichanganyika na vitu hivyo hazionekani tena. Sogea hatua mbili kushoto au kulia. Inama. Tafuta ukuta usio na rangi nyingi, au mbingu, au majani yaliyo mbali.

Tatu, jihadhari na mbingu nyeupe. Chuma cheusi mbele ya mbingu yenye mwanga mwingi hutoka kama kivuli tupu. Ikiwa unataka umbo tu, basi ni sawa. Lakini ikiwa unataka alama za nyundo, gusa kioo cha simu mahali penye chuma, kisha ongeza mwanga kidogo. Mbingu itakuwa nyeupe zaidi, na chuma kitafunguka.

Nne, simama sawa. Simama mbele ya uzio, kamera iwe katika kimo cha katikati ya uzio, usiielekeze juu wala chini. Ukiiinamisha, vyuma vilivyosimama wima vitaonekana kama vinaanguka. Atget alilijua jambo hili. Alipotaka sehemu ya juu ya jengo hakuinamisha kamera, bali aliinua lenzi peke yake. Kwa sababu hiyo, picha zake nyingi zina giza katika pembe za juu. Nasi tutairudia habari hiyo.

Tano, tulia. Egemea ukuta, au uweke simu juu ya jiwe, au utumie stendi ya miguu mitatu. Mkono ukitikisika, vyuma vyembamba hutoka viwili viwili.

5. Picha nne za kila uzio

Ukifika penye uzio, usipige picha moja na kuondoka. Piga nne.

Picha ya kwanza ni ya uzio mzima pamoja na mahali ulipo. Nyumba ionekane, na barabara ionekane. Anayeitazama ajue uko wapi.

Picha ya pili ni ya sehemu moja, kutoka nguzo hadi nguzo, ukisimama mbele yake sawasawa. Weka rula au utepe wa kupimia kando ya chuma. Kama huna, weka kitu ambacho kipimo chake chajulikana, kama kijiti ulichokikata mita moja. Picha hii haitakuwa nzuri sana. Lakini siku mhunzi atakapotaka kutengeneza uzio mwingine kama ule, ndiyo atakayoomba.

Picha ya tatu ni ya karibu: ua moja, ncha moja, kipete kimoja, au jina la kiwanda ikiwa limeandikwa juu ya chuma. Usikwangue kutu wala rangi ili uone vizuri zaidi. Rangi ya zamani nayo ni habari.

Picha ya nne ni yako. Hapo tafuta uzuri: kivuli chini, mtambaa uliojisokota katika vyuma, lango lililoachwa wazi. Picha hii ndiyo tutakayoivika sura ya zamani.

6. Sura ya zamani ilitoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba kuifanya picha iwe ya zamani ni kuipaka rangi ya kahawia, basi. Sivyo. Kila dalili ya uzee katika picha za zamani ilikuwa na sababu yake. Ukiijua sababu, utajua kiasi.

Rangi ya kahawia ilitoka wapi? Picha za zamani zilifanywa kwa madini ya fedha, nayo huharibika polepole. Wapiga picha walijua kwamba fedha ikitiwa dawa yenye salfa hugeuka kahawia, na picha hudumu zaidi. Kwa hiyo kahawia ile mara nyingi ilikuwa kinga, kama rangi ya mafuta juu ya chuma inavyozuia kutu. Tena karatasi nyingi za karne ya 19 zilipakwa ute wa yai, na ute huo hugeuka manjano kwa kupita miaka.

Mbingu nyeupe ilitoka wapi? Vioo vya picha vya siku zile viliiona sana rangi ya buluu, lakini nyekundu havikuiona. Mbingu ya buluu ikatoka nyeupe tupu. Kutu, ambayo ina wekundu, ikatoka nyeusi. Ndiyo sababu vyuma katika picha za zamani vina weusi mzito unaopendeza.

Barabara tupu zilitoka wapi? Kamera ilibidi kuachwa wazi kwa sekunde nyingi. Aliyesimama alionekana. Aliyetembea alitoka kama moshi, au hakuonekana kabisa.

Na pembe zenye giza? Tumekwisha kusema: ni lenzi ya Atget.

Basi fanya hivi. Kwanza, hifadhi picha yako kama ilivyo, usiiguse. Kisha fanya nakala, na kazi yote uifanye katika nakala. Toa rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Ikiwa programu yako yakuwezesha kubadili kila rangi peke yake, ongeza mwanga wa buluu na upunguze wa nyekundu. Mbingu itang'aa, kutu itakolea. Kisha tia kahawia kidogo, kama chai iliyotiwa maji mengi, isiwe kama kahawa. Tia giza kidogo katika pembe. Hapo acha.

Usitie mikwaruzo ya uongo. Usitie madoa ya uongo wala kingo zilizoungua. Mikwaruzo ya picha ya zamani ilitokana na safari zake, na picha yako haijasafiri bado. Iache ichakae kwa wakati wake.

Ikiwa unatumia kamera ya filamu, weka filamu ya nyeusi na nyeupe, na mbele ya lenzi uweke kioo cha rangi ya buluu. Utapata mbingu nyeupe ile ile bila programu yoyote. Lakini kioo hicho hupunguza mwanga, kwa hiyo stendi itakufaa.

7. Andika tarehe

Sasa tumefika mahali ambapo kusoma na kuandika kwako ndiko kutakakoifanya kazi hii iwe na thamani.

Fikiri mtoto wa mjukuu wako ameikuta picha yako sandukuni. Ni ya kahawia, mbingu nyeupe, barabara tupu. Atasema, "Hii ni ya mwaka 1900." Atawaambia wengine. Mtu ataandika kitabu na kusema kwamba mwaka 1900 uzio ule ulikuwa umekosa mikuki mitatu, kumbe mikuki ilivunjika juzi. Hukukusudia kudanganya, lakini picha yako imedanganya. Sura ya zamani bila tarehe ni ushahidi wa uongo.

Dawa yake ni mstari mmoja wa maandishi. Nyuma ya picha iliyochapishwa, andika kwa penseli laini, usikandamize mkono. Andika mambo matano: mahali, tarehe, uzio ni wa jengo gani, nani amepiga, na picha imegeuzwa vipi. Kwa mfano: "Lango la makaburi ya zamani. Tarehe kadha mwezi kadha. Rangi imetolewa, kahawia imetiwa." Kama picha ziko katika simu, andika maneno hayo hayo katika daftari, na kila picha uipe namba. Atget alifanya hivyo kwa maelfu ya vioo. Wewe utashindwa kwa picha nne?

8. Adabu ya kamera

Uzio una mwenyewe. Piga hodi, toa salamu, eleza unachotaka. Wazee wa nyumba wakikuruhusu, waulize pia: nani alijenga, chuma kilitoka wapi, rangi ya kwanza ilikuwa gani? Yaandike majibu katika daftari lako, na uandike ni nani aliyekuambia. Wakikataa, shukuru uende zako. Usipige picha kambi ya jeshi, kituo cha polisi wala gereza. Usiwatie watoto wa watu katika picha bila idhini ya wazazi. Na ukimaliza, rudi siku nyingine uwapelekee wenye nyumba picha moja. Hiyo ni heshima, tena nakala iliyo kwao ni akiba, hata ya kwako ikipotea.

Ndugu msomaji, wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Nyuzio za London zilikuwa mali, zikaisha, na nyingi ziliisha bila habari. Uzio wa mtaani kwako bado upo. Asubuhi ya kesho jua litatoka ubavuni mwake. Nenda.

MASWALI

1. Kwa nini nyuzio nyingi za London zilikatwa mwaka 1941?
2. Utajuaje kwamba uzio ni wa kufua na si wa kusubu?
3. Talbot alisema nini juu ya vipande vya vioo katika picha yake ya mwaka 1835?
4. Kwa nini jua la asubuhi ni bora kuliko la saa sita mchana?
5. Kwa nini mbingu ilitoka nyeupe katika picha za zamani?
6. Taja mambo matano ya kuandika nyuma ya picha.

KAZI YA NYUMBANI

Tafuta uzio mmoja wa zamani karibu nawe, au vyuma vya ngazi, au vya roshani. Kama huna kamera, uchore kwa penseli sehemu moja, kutoka nguzo hadi nguzo, na uandike vipimo vyake. Kisha andika sentensi tano juu yake: uko wapi, umefanywa kwa njia gani, una nakshi gani, una ubovu gani, na nani aliyekupa habari zake. Usisahau tarehe. Lete kazi yako darasani tuisome pamoja.

Kwa heri, mpaka somo lijalo.